Baba Aliyechechemea

Wiki iliyopita, mchana wa jua kali, nilikuwa barazani kwangu hapa Mikumi napukuchua mbaazi. Lori moja linaloelekea Iringa likaegeshwa ng'ambo ya barabara, utingo akashuka na kuanza kuzunguka akikagua matairi. Alikuwa anachechemea. Labda mguu ulikufa ganzi kwa safari, labda ana kidonda, sijui. Ninachojua ni kwamba kabla sijawaza lolote kifua kilipata joto na mikono ikaacha mbaazi. Baadaye kidogo ndipo akili ikanifikia na kuniambia: huyo ni utingo wa watu, endelea na kazi yako.

Hivyo ndivyo nilivyoishi, ndugu yangu. Mtu yeyote anayeburuta mguu hunipa baba yangu kwa dakika moja, kisha hunipokonya. Na mwaka huu nimegundua kwamba hata hicho kidogo nilichopewa hakikuwa kama nilivyodhani. Ngoja nikueleze, maana nimechoka kukibeba peke yangu.

Nilifundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu. Nilidhani kustaafu ni kupumzika, kumbe ni kubadilisha darasa. Siku hizi nina mwanafunzi mmoja tu, mama yangu mzazi, naye kila siku anasahau zaidi. Anasahau kwamba amekula ilhali sahani bado iko mapajani. Anasahau kwamba hii ni nyumba yangu, anaomba arudishwe kwao kabla giza halijaingia. Asubuhi nyingine ananitazama, anaona mtu mzima mwenye mvi, na adabu yake ya zamani inamtuma kuniamkia. "Shikamoo, mama," ananiambia. Sasa mimi nitaitikiaje marahaba kwa mwanamke aliyenizaa? Ulimi unakataa. Basi na mimi namwamkia, "Shikamoo, mama," tunabaki tunaamkiana wawili wetu, hakuna wa kuitikia. Siku za kwanza nililia. Sasa naendelea kukoroga uji.

Daktari alinieleza kitu ambacho mimi mwenyewe niliwahi kukifundisha bila kukielewa. Alisema vya karibuni hutangulia kuondoka, vya zamani hubaki nyuma. Maana yake mama alikuwa bado na vya zamani, na katika vya zamani hivyo alikuwemo baba. Nilipotoka kwa daktari nilikuwa na haraka ya ajabu, kwa sababu baba yangu hayumo mahali pengine popote.

Alifariki kabla sijaanza shule. Picha yake moja tuliyokuwa nayo ilikwenda na maji mwaka ule mafuriko yalipoingia mpaka chumbani. Sura yake sinayo. Sauti yake sinayo. Nilichokuwa nacho ni mwendo: mwanamume aliyevaa koti la kaki na mabuti meusi ya mpira, anakuja kwa njia ya katikati ya nyumba za kambi, mguu wa kushoto ukivutwa nyuma. Basi. Huyo ndiye baba yangu wote.

Kambi yenyewe ilikuwa ya mkonge, nje kidogo ya Kimamba. Nyumba zilikuwa zimeungana kwa mstari, mlango kwa mlango, ukipika dagaa huku jirani wa nne anajua na anatuma mtoto aje kuomba pilipili ili apate na kionjo. Alfajiri king'ora kililia, wanaume wakatoka na mapanga yao kwenda kukata, wengine wakaenda korona. Korona wakati huo halikuwa jina la ugonjwa. Ilikuwa ile mashine kubwa ya kukamua majani ya mkonge, na muungurumo wake ulikuwa ndiyo saa yetu. Ikinyamaza mchana, mama anasonga ugali. Ikinyamaza jioni, watoto tunakimbilia njiani kuwapokea wazee.

Harufu ya mabaki ya mkonge yaliyooza siwezi kukueleza ukaielewa kama hukulelewa nayo. Wageni walishika pua. Sisi tulikula mbele yake wali na mchuzi wa perege wa mtoni, au ugali na mlenda mwaka wa njaa, na hatukusikia kitu. Mpaka leo nikipita mahali penye majani yaliyovunda najisikia nina njaa. Wanafunzi wangu walicheka nilipowaambia hivyo, lakini ilikuwa njia yangu ya kuwafundisha kwamba pua ina njia ya mkato kwenda kwenye kumbukumbu, haipitii ofisi nyingine zote.

Kazi zetu watoto zilikuwa maji na kuni. Tulichota maji kwenye bomba moja la kambi, na kuni tulizitafuta kwenye ile miti mirefu inayochipua katikati ya mkonge uliozeeka, ikishakauka ni myepesi, hata mtoto anabeba. Utomvu wa mkonge uliwasha mpaka tukajikuna kwenye kuta. Mchana singa nyeupe, yaani nyuzi za mkonge uliokamuliwa, zilianikwa kwenye nyaya, safu kwa safu, nasi tulicheza kujificha katikati yake mpaka mnyapara atufukuze. Treni ikipita kuelekea Kilosa kila mtu alisimama na kutazama, kana kwamba hajaiona jana.

Sasa nikujulishe jirani yetu, maana bila yeye hakuna hadithi. Sisi ni Wahehe. Yeye alikuwa Mngoni, mume wake alikuja kukata mkonge kutoka Songea. Wahehe na Wangoni walipigana zamani, wakapatana, na tangu wapatane ni watani, yaani wana ruhusa ya kutukanana maisha yao yote na hakuna wa kukasirika. Mwanamke huyo hakuwahi kumsalimia mama yangu kwa jina. Alikuwa anaingia jikoni kwetu, anafunua chungu, anachota, anasema anakusanya haki yake kwa watumishi wake. Mama naye alikuwa na jibu lake la kila siku: kwamba Wangoni walikimbia vita wakaacha ngao, na ngao hizo Wahehe walizifanya vifuniko vya vyungu, kwa hiyo afunue kwa heshima, ni mali ya babu yake. Walicheka mpaka wakashika kuta. Sisi watoto tulimwita Mtani, hatukujua jina lake lingine.

Baba alipofariki, Mtani alifanya kazi ya mtani. Kama umekulia mjini huenda hujaiona. Watu wanalia, wafiwa wamevunjika, mara anatoka mtani amevaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, sauti yake, namna alivyogombana na mboga isiyo na chumvi. Watu wanacheka huku machozi yanatiririka. Si dharau hata kidogo. Ni njia ya kumpa mfiwa nafasi ya kuvuta pumzi.

Nakumbuka hivi. Nimesimama ukutani kwetu, nina kigauni cha njano, mkononi nimeshika kipande cha muhogo wa kuchemsha. Wanawake wamekaa chini. Mtani anatokea mwisho wa kambi amevaa koti la kaki la baba na mabuti yake, anakuja njia ya katikati, mguu wa kushoto anauburuta. Watu wananyamaza. Basi, inaishia hapo, kama redio iliyokatika umeme.

Ninapomkumbuka baba akitembea, ndugu yangu, simwoni baba. Namwona Mtani akimwigiza baba. Nilikuwa msichana mkubwa nilipolitambua hilo na halikunisumbua, kwa kuwa Mtani alisifika kambi nzima kwa kuigiza. Aliwaigiza mnyapara, shehe na katekista, hata wenyewe wakacheka. Kama yeye alichechemea, basi baba alichechemea. Nilimshukuru kwa kunihifadhia mwendo wake.

Na mwendo ukaanza kuzaa. Shuleni rafiki aliniuliza kwa nini baba yako alichechemea, nikajibu kwamba mguu ulinaswa na mashine kule korona. Nani aliniambia? Hakuna. Lakini nilipolisema mara ya kwanza lilikaa vizuri mdomoni, na mara ya pili likawa kweli. Baadaye niliwasimulia wanangu, nikaongeza damu, nikaongeza machela. Nilipowasimulia wajukuu nilikuwa nasikia kabisa king'ora cha siku ile. Mama hakuwahi kuwepo nikisimulia. Yeye alikuwa mjane asiyemtaja mume wake, ukimuuliza anaondoka kwenda kutazama kuku, na mimi nilijifunza mapema kutomuuliza.

Hayo yote nilikuwa nayafundisha darasani na kuyatungia mitihani! Kwamba ubongoni kuna sehemu mbili ndogo zinazokaa jirani, moja inashika tukio, nani na wapi na nini kilifuata, na nyingine haijui nani wala wapi, yenyewe inajua hofu na uchungu na furaha. Hii ya pili ikishtuka humwamuru jirani yake: hili lishike sana. Ndiyo maana hukumbuki chakula cha Jumanne ile lakini unakumbuka ulikuwa umeshika nini siku ya msiba. Na kwamba hakuna kabati kichwani lenye picha zilizotunzwa. Kila tunapokumbuka tunaliunda tukio upya kwa vipande vilivyopo, penye tundu tunaziba kwa tulichonacho karibu, kisha tunalirudisha pamoja na viraka vyake. Wanafunzi waliandika, nikasahihisha, nikaweka alama ya vema. Nikarudi nyumbani na baba yangu anayechechemea.

Mwaka huu, mvua za mwanzo, nilikuwa namsimulia mjukuu wangu habari za mashine na mguu. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anachezea pindo la kanga kama kawaida. Ghafla akainua uso.

"Nani huyo aliyechechemea?"

"Baba, mama. Mume wako."

Akanitazama kwa macho makavu kabisa, macho ya zamani, yale yaliyokuwa yananifanya nirudi bombani kuosha ndoo mara ya pili. "Mume wangu hakuwa kilema," akasema. Kisha akarudi kwenye pindo lake, na dakika chache baadaye akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu mpya.

Sikulala vizuri siku nyingi baada ya hapo. Nimwamini nani? Mama aliyesahau kama amekula, au mimi niliyekuwa mtoto wa kushika muhogo? Nilijaribu kumrudisha kwenye neno lile, nikamuuliza baba alitembeaje, akasema yuko kazini, tumsubiri. Na kila mwezi nilikuwa naona kipande kingine kimedondoka kwake. Kama ni kweli hakuchechemea, basi sikuwa na baba hata kidogo. Nilikuwa na mwanamke wa Kingoni ndani ya koti.

Ndipo nilipoamua kumpeleka Kimamba. Nilisikia Mtani bado yu hai, amebaki palepale. Niliazima gari la mwanangu, naye akaendesha, mama nikamkalisha nyuma na mto. Tukaiacha lami ya Mikumi tukashika njia ya Kilosa, tukapita Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa ambayo haihitaji pasipoti, mama akitazama mashamba ya mahindi na ng'ombe wa wafugaji. Nilikuwa na matumaini ya kipumbavu kwamba akikanyaga tu ile ardhi mlango utafunguka. Vitabu vinasema mahali husaidia kukumbuka. Havisemi inakuwaje mahali penyewe pakiwa hapapo.

Kambi imeisha. Mistari ya nyumba imebaki misingi, watu wamelima mahindi katikati. Korona ni kuta tupu, vyuma viliondoka zamani. Hakuna king'ora, hakuna singa kwenye nyaya. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa kivulini mahali palipokuwa bomba, mmoja akanisalimia, "Shikamoo bibi, mnamtafuta nani?" Nilivuta hewa kwa nguvu nikitafuta ile harufu. Palinukia vumbi na petroli. Mama alishuka, akatazama, akauliza tumefika hospitali ipi.

Nilitaka kumrudisha garini na kuondoka.

Nyumba ya Mtani ndiyo pekee iliyosimama, imepigwa bati jipya. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya mkeka, amekauka, macho yana ukungu, lakini aliponiona namwongoza mama kwa mkono akatambua mara moja. Hakusalimia. Alipaza sauti:

"Kumbe Wahehe bado hamjaisha! Nilisikia mmekimbilia Mikumi kujificha kwa tembo."

Mama akasimama. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilikuwa nalingoja lile jibu la ngao na vifuniko, midomo yangu ilikuwa tayari kulisema pamoja naye.

Hakulisema. "Tembo wanatuheshimu," mama akajibu. "Nyie Wangoni hata mbuzi hawawaamkii."

Mtani akajipiga kofi pajani. "Nani amemruhusu mtumishi wangu kusimama bila kazi? Kaa chini hapa, mvivu!"

"Nakaa, ila sogea. Nimekuja kuona kama umeshajifunza kuoga."

Akakaa. Mama yangu, ambaye kwa miezi hakuwa amecheka, alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Nikamwinamia sikioni, "Mama, unamjua huyu?" Akatikisa kichwa. "Simjui. Lakini si unaona ni mtani?" Alikuwa amepoteza jina, sura, mahali na miaka. Utani haukuwa umeguswa. Alikuwa anautunga mpya, papo hapo, kwa mtu asiyemjua.

Tulipewa chai na mihogo. Nilisubiri wachoke kutukanana, kisha nikamgeukia Mtani na kumuuliza. Sauti yangu ilitoka ya kitoto, nikaona haya.

"Mama, baba alichechemea?"

"Baba yako?" Mtani akakunja uso. "Nani alikudanganya?"

"Wewe. Siku ya msiba, ulipovaa koti lake. Uliburuta mguu wa kushoto."

Aliweka kikombe chini, akanitazama kwa muda kupitia ule ukungu wa macho yake.

"Mwanangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema bila mzaha, "baba yako alitembea wima na kwa haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Na mimi ndivyo nilivyoanza kumwigiza. Hata sijafika mbali, wewe ukachomoka kwa wanawake, unaita baba, baba. Ukaukumbatia mguu wangu. Wakaja kukubandua, ukakataa. Nikawaambia mwacheni. Nikatembea na wewe mguuni, umekaa juu ya buti, mpaka mwisho wa kambi na kurudi. Ningetembeaje? Nilikuwa nakuburuta."

Mwanangu aliyetuendesha akainuka, akaenda kusimama kando ya gari. Mimi nilibaki na kipande cha muhogo mkononi, sikuweza kukiweka wala kukila.

Sikumbuki, ndugu yangu. Nimejaribu, sikumbuki hata chembe. Kichwa changu kimenisimamisha ukutani na kigauni changu cha njano, najiona mwenyewe kwa mbali, na mwalimu mzima wa baiolojia sikuwahi kujiuliza: ni nani hujiona mwenyewe kwa mbali? Kilichukua mguu unaoburutwa, kikamtoa mtoto aliyeushika. Labda mtoto yule alikuwa anaumia mno hata asiweze kutunzwa kichwani. Labda ni Mtani anayekosea, na yeye ana kichwa cha kibinadamu na umri umekwenda. Sitajua. Kambi imeondoka, picha imeondoka, walioketi chini siku ile wamelala makaburini upande wa pili wa reli, na sisi tuliobaki tuna vipande tu, kila mmoja amekiziba chake kwa namna yake. Nilijisikia mchovu hadi kwenye mifupa. Nilitaka kulala pale pale kwenye mkeka.

Mama alikuwa amesikiliza yote huku akitafuna taratibu. Sikudhani ameelewa. Lakini akaanza kutikisa kichwa na kutabasamu, tabasamu la mtu anayeona kitu mbele yake.

"Yule mtoto," akasema. "Alikuwa mzito yule. Alikuwa haachii kitu akikishika." Akanigeukia mimi, mwalimu mpya, mgeni wake mwenye mvi, akaniuliza kwa adabu, "Yuko wapi siku hizi?"

Mtani akanisogezea mkono wa mama.

Nikaushika. "Yupo, mama," nikamwambia. "Bado hajaachia."